Mama Aliyekataa Kufunga Hesabu

Hapa Lwakhakha mtoto akitutoka tunachanga, tunazika, halafu kamati inafunga hesabu. Jane Stanford wa Marekani hakufunga.

Alizaliwa 1828. Aliolewa na Leland Stanford, tajiri wa reli (reli iliyojengwa kwa jasho la Wachina, tusisahau), na kama Hana akakaa karibu miaka 18 bila mtoto. Mwaka 1868, akiwa na miaka 39, akapata kijana mmoja tu. Machi 1884 homa ya matumbo ikamchukua huko Florence, Italia, hata miaka 16 hajafikisha.

Wazazi wakaamua urithi wake usomeshe watoto wa wengine. Chuo chenye jina la kijana kikafunguliwa Oktoba 1891, bila karo. Kati ya wanafunzi wa kwanza alikuwa yatima mmoja, Herbert Hoover, ambaye baadaye akawa rais.

Sasa hapa ndipo mimi niliyesomea biashara huwa nasimama. 1893 mume akafa, serikali ikadai dola milioni 15, mali yote ikakwama kortini. Washauri wakasema chuo kifungwe. Mama akakataa. Korti ilimpa dola 10,000 kwa mwezi za kuendesha nyumba. Akabana matumizi, walimu wakahesabiwa kama watumishi wa nyumbani kwake, mishahara ikatoka. Kesi akaishinda 1896, lakini pesa bado zilikuwa ngumu. 1897 akabeba vito vyake hadi London kuviuza, bei ikawa mbaya, vingi akarudi navyo.

Alikufa 1905. Vile vito vikawa mfuko wa vitabu vya maktaba, na mpaka leo unanunua.