Georg Brandt, mkemia aliyetenganisha kobalti na madini jirani

Kolwezi, mkoani Lualaba, shaba na kobalti hukaa ndani ya jiwe moja, na bei ya gunia hutegemea kiwango cha kila moja. Mtu wa kwanza kuonyesha kwamba kobalti ni metali ya pekee alikuwa Georg Brandt, mkemia wa Uswidi.

Brandt alizaliwa mwaka 1694 huko Riddarhyttan, eneo la machimbo ya chuma na shaba. Baba yake, mwenye viwanda vya kuyeyushia metali, alimzoesha kazi hiyo tangu utotoni. Alisomea Leiden, Uholanzi, kwa Herman Boerhaave, na mwaka 1726 akapata digrii ya udaktari mjini Reims, Ufaransa. Mwaka uliofuata alikabidhiwa maabara ya idara ya migodi mjini Stockholm.

Wakati huo mafundi wa Ulaya walitia vioo rangi ya buluu kwa kutumia mawe fulani ya migodini. Wengi walidhani rangi hiyo inatoka kwa bismuthi, kwa sababu mara nyingi ilikutwa humo. Wachimbaji wa Ujerumani waliyachukia mawe hayo: yakichomwa, yalitoa moshi wenye sumu ya arseniki. Walisema ni kazi ya pepo aitwaye kobold, na jina la kobalti likatoka hapo.

Brandt alitafuta jibu maabarani. Bismuthi iliyoyeyushwa katika asidi ya nitriki, ikiongezewa maji mengi, hushuka chini kama unga mweupe. Kobalti hubaki ndani ya maji mpaka itiwe alkali. Tena bismuthi hushikamana na zebaki, lakini kobalti hukataa. Mwaka 1735 alitangaza kwamba buluu inatoka kwa metali mpya. Ubishi uliendelea hata baada ya kifo chake mwaka 1768, hadi Torbern Bergman alipothibitisha kazi hiyo mwaka 1780.

Shida aliyoitatua bado iko Lualaba. Ndani ya maji, shaba huleta rangi ya buluu na kobalti rangi ya waridi. Zikichanganyika, jicho hudanganyika. Hata kwenye kifaa cha mionzi ambacho wachimbaji hukiita Metorex, ishara ya chuma hukaribiana sana na ile ya kobalti. Mpimaji asipoyatenganisha kwanza, kiwango kitakachosomwa si cha kweli, na mchimbaji anaweza kuuza jasho lake kwa bei ya chini.