Saul Marantz: Msee Aliyeng'oa Redio ya Gari Akaipeleka Kejani

Kama umewahi kukodi keja Busia ama Malaba, hii mtambo unaijua: redio ya gari, betri pembeni, spika imetumbukizwa ndani ya mtungi ndio besi ishuke. Usione haya. Saul Marantz, yule jamaa jina lake liko kwa amplifaya za doh mrefu, alianza hivyo hivyo.

Alizaliwa Brooklyn, New York, 1911. Hakuwa injinia, alikuwa mchoraji wa kazi za biashara. Vita vya Pili vya Dunia kuisha, akang'oa redio ya gari lake, Mercury ya 1940, aisikize ndani ya nyumba. Sasa redio ya gari huwezi weka tu mezani iimbe, so vifaa vilivyokosa akaviunda mwenyewe. Msee akanogewa.

1948 santuri za LP zikaingia, na noma yake. Kila kampuni ilirekodi kwa vipimo vyake, besi inapunguzwa, sauti za juu zinaongezwa. Mashine yako isiporudisha hesabu ile ile, ngoma inatoka imekonda. Hiyo kazi ni ya priampu, kale kaboksi kanapokea sauti dhaifu ya sindano na kuinyoosha kabla ifike kwa amplifaya. Za dukani hazikumbamba. Akaunda yake, Audio Consolette, yenye vipimo 36 vya kuchagua. Thelathini na sita, buda! Bibi yake, Jean, akamsukuma aunde 100 auze. Ndani ya mwaka, oda zikafika 400.

(Mimi nilianza na spika kubwa. Priampu ilikuwa takataka, so nilichopata ni takataka ya sauti kubwa.)

Kampuni ikasimama 1953. Akaleta injinia Sidney Smith, na 1958 wakatoa Model 7, priampu ya stereo ambayo wazee wa santuri wanaitafuta mpaka leo. Shida ya Marantz ilikuwa moja: kitu kisipokuwa fiti kabisa, hakitoki. Redio yake ya FM, 10B, ilikunywa ganji kuitengeneza mpaka kampuni ikayumba, na 1964 akaiuzia Superscope. Jina lake likaenda na kampuni.

Miaka ya 70 akarudi na Jon Dahlquist, safari hii kwa spika. Alikufa 1997, akiwa na miaka 85. Amplifaya mpya bado zinatoka na jina lake mbele.