Mwalimu Nyerere na Mtoto wa Darasa la Kwanza

Wanachuo wanapopangiwa shule za mazoezi ya kufundisha, iwe ni mjini Arusha au katika vijiji vilivyo kwenye miteremko ya Mlima Meru, wengi huomba darasa la sita au la saba. Wachache mno huomba darasa la kwanza. Sababu wanazotoa twazifahamu: watoto ni wengi, zana ni haba, na baadhi ya watoto hao Kiswahili bado hakijawakaa vema ulimini. Tumeona inafaa, basi, tusimulie maisha ya mtu ambaye taifa zima lilimwita Mwalimu, na tuyatazame kwa jicho la darasa hilo linalokimbiwa.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922 katika kijiji cha Butiama, mashariki ya Ziwa Viktoria. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, na mama yake, Mugaya, alikuwa mmoja wa wake wengi wa mtemi huyo. Jina la Kambarage alipewa kwa ajili ya mzimu wa mvua. Utoto wake ulikuwa wa kuchunga mifugo, kusaidia kazi za shamba na kusikiliza mazungumzo ya wazee. Husimuliwa pia kwamba alikuwa hodari wa mchezo wa bao, na kwamba umahiri wake uliwastaajabisha watu wazima waliocheza naye.

Mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi, alipelekwa Shule ya Mwisenge mjini Musoma. Kijana huyo alikijua Kizanaki; Kiswahili alijifunza shuleni. Hapa hatuna budi kusimama kidogo. Mwalimu aliyempokea angeweza kumwona kuwa ni mtoto aliyechelewa, asiyejua lugha ya shule wala herufi moja. Kumbe mtoto huyo alikuwa amekwisha kujifunza kuhesabu kwa kete za bao, kukumbuka masimulizi marefu, na kupima maneno mbele ya wazee. Hakuja mtupu. Baada ya miaka mitatu tu alikuwa tayari kwenda mbele, na mwaka 1937 akaingia Shule ya Serikali ya Tabora.

Kutoka Tabora alikwenda Chuo cha Makerere, Uganda, mwaka 1943, akasomea ualimu. Kuanzia mwaka 1946 alifundisha katika Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, historia na elimu ya viumbe zikiwa miongoni mwa masomo yake. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, akahitimu mwaka 1952, kisha akarudi kufundisha katika Shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu. Chama cha TANU kilipoundwa tarehe 7 Julai 1954 yeye akawa rais wake. Mwaka uliofuata, baada ya safari yake ya Umoja wa Mataifa, ilimpasa achague kati ya siasa na ajira ya ualimu. Aliiacha ajira, lakini ualimu haukumwacha. Hata alipokuwa Rais wa nchi alipata wasaa wa kutafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, Julius Caesar na Mabepari wa Venisi. Kwa kazi hiyo alionyesha kwamba Kiswahili chaweza kubeba fikra nzito bila kulemewa.

Jina la Arusha limefungamana na maisha yake kwa namna ya pekee. Mwishoni mwa Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana katika mji huu, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha likatangazwa. Wanachuo wanaweza kulitembelea Jumba la Makumbusho ya Azimio hilo mjini. Mwezi Machi mwaka huohuo Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Humo alieleza kwamba elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, isiwe ngazi tu ya kupandia sekondari wachache. Aliikosoa shule iliyomfanya mtoto aamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni, na kwamba wazazi wake hawajui kitu. Twaamini kwamba aliyeandika hayo hakumsahau mchunga mifugo wa Butiama.

Hata hivyo, haki yatudai tuseme na upande wa pili. Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, ilipokutana Musoma, iliamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote ifikiwe mwaka 1977 badala ya mwaka 1989 kama ilivyokusudiwa awali. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa kiasi cha milioni 1.2 mwaka 1974, walizidi milioni 3 mwaka 1980. Walimu hawakutosha. Maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakajifunza kazi hukohuko vijijini, kwa masomo ya posta na redio, huku wakifundisha. Milango ilifunguliwa kwa watoto ambao vinginevyo wasingaliiona shule. Lakini madarasa yalifurika, vitabu vikapungua, na ubora ukashuka. Aidha, mahali pengi shamba la shule, lililokusudiwa kuwa darasa, liligeuka kuwa mahali pa kuwatumikisha watoto. Wimbi la namna hiyo lilirudi ada ilipofutwa tena mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mara nyingine mwaka 2016 michango ya lazima ilipoondolewa. Kila mara aliyesimama mbele ya wimbi hilo alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza.

Je, mwalimu huyo afanye nini? Maisha tuliyoyasimulia yatupa jibu moja: aanze na kile ambacho mtoto amekuja nacho.

Tuchukue hesabu. Mchezo wa bao wajulikana hapa pia. Wamaasai huuita enkeshui. Mwenye watoto tisini na awagawe katika vikundi kumi na vitano vya watoto sita sita. Kila kikundi kichimbe mashimo kumi na mawili nyuma ya darasa, na kila mtoto awe na mbegu kumi za maharage. Mtoto apande mbegu moja moja huku akihesabu kwa sauti, na kabla ya kupanda awaambie wenzake mbegu ya mwisho itaangukia shimo lipi. Hapo atakuwa anajumlisha kichwani, wala hakuna kilichonunuliwa.

Tuchukue lugha. Kila asubuhi watoto watano walete kitu kimoja kimoja kutoka njiani: jani la mgomba, tunda la kahawa, jiwe jeusi la volkano. Mwenye kitu akitaje kwa lugha ya nyumbani, iwe Kimeru au Kimaasai. Darasa likitaje kwa Kiswahili. Mwalimu aliandike neno ubaoni. Kisha wote waliandike kwa kijiti mchangani. Mtoto ambaye lugha ya mama yake imesikilizwa kwa heshima hujifunza ya pili bila hofu.

Na tuchukue shamba. Kabla jembe halijainuliwa, watoto wapime tuta kwa hatua, wahesabu miche, wakadirie nafasi. Siku isiyo na swali la kujibiwa huko shambani, wabaki darasani.

Nyerere alistaafu urais mwaka 1985. Katika miaka yake ya mwisho alirudi Arusha mara kwa mara akiwa msuluhishi wa Warundi, akiwaketisha pamoja mahasimu na kuwasikiliza kwa uvumilivu. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Alikuwa na vyeo vingi, lakini jina lililodumu ni lile la kazi yake ya kwanza.

Ndugu mwanachuo, utakapoingia darasani siku ya kwanza, huenda utamwona kwenye dawati la nyuma mtoto mkubwa kuliko wenzake, kimya, asiyekijua Kiswahili vema. Usimpite. Muulize kwanza nyumbani kwao hucheza mchezo gani.