Mirathi ya Marehemu Sewa Haji

Yako majina ambayo visiwani na mrima hutamkwa kila siku, pasi na watu kukumbuka wenyewe walikuwa nani. Katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, jina la Sewahaji liliwekwa kwenye jengo la wodi, na wengi wamelazwa humo wasijue kwamba mwenye jina alikuwa mzaliwa wa Unguja. Twaona ni haki asimuliwe.

Marehemu Sewa Haji Paroo alizaliwa mwaka 1851, katika jamii ya Makhoja Waismailia. Baba yake, aliyehamia kutoka Kutch huko Bara Hindi, alifungua biashara Unguja na Bagamoyo. Mwana aliirithi biashara hiyo akaikuza sana. Misafara ya bara ilianzia Bagamoyo, naye aliiuzia nguo na shanga, akaitafutia wapagazi. Mwaka 1871, akiwa kijana wa miaka 20 hivi, alishughulika na Stanley, aliyekuwa akienda kumtafuta Livingstone. Naye Stanley alimlaumu kitabuni mwake kwamba hesabu zake hazikuwa safi. Hatuna sababu ya kulificha jambo hilo. Utajiri ule ulibebwa mabegani mwa wapagazi, ambao majina yao hayakuandikwa ukutani popote.

Wajerumani walipohamishia makao makuu yao Dar es Salaam mwaka 1891, Sewa Haji alikuwa miongoni mwa wenye majumba na viwanja wakubwa wa pwani. Mtu wa namna hiyo angeweza kukaa akingoja kodi. Yeye, mwaka 1892, aliitoa nyumba yake ya ghorofa iliyoko Bagamoyo iwe skuli, kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wapokewe. Katika enzi ya ubaguzi, sharti hilo halikuwa jambo dogo. Aidha, alitoa fedha za kujenga hospitali ya Waafrika na Wahindi mjini Dar es Salaam.

Alifariki Februari 1897, kabla hajatimiza miaka 50. Kwa wosia wake, majumba na ardhi aliiachia serikali, ili mapato yasaidie hospitali na wagonjwa wa ukoma. Hospitali ile iliyochukua jina lake iliwatibu watu hadi miaka ya 1950, ilipojengwa hospitali mpya ya Muhimbili.

Serikali iliyoupokea wosia huo ilikuwa ya kigeni, nayo imekwisha zamani. Lakini amana haifi kwa kubadilika bendera. Marehemu hawezi kurudi kuuliza kama paa limezibwa, au kama sharti lake lingali likishikwa. Anayeweza kuuliza ni afisa aliyekabidhiwa funguo. Twawaomba wakuu wa idara zetu wayatafute masharti ya kila jengo lililotolewa kwa faida ya umma, wayasome, na wayabandike mlangoni ili wananchi nao wayajue.