Livingstone: Msafiri aliyeitafuta Nile ndani ya Mto Kongo

DAKTARI David Livingstone alitumia miaka saba ya mwisho ya uhai wake kuitafuta chemchemi ya Mto Nile. Katika safari hiyo alipoteza dawa, wafuasi, afya na hatimaye roho yake. Hata hivyo, tangu alipouvuka Mto Chambeshi mwaka 1867 hadi alipokata kamba mwaka 1873, mito na maziwa makubwa aliyoyachunguza hayakuwa na tone linalofika Misri. Maji hayo yote ni ya Mto Kongo.

Wasomaji wengi humkumbuka kwa maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, au kwa kukutana kwake na mwanahabari Henry Morton Stanley kule Ujiji. Kosa lake kuhusu Nile halitajwi sana, ilhali ndilo lililoamua alikokwenda, watu aliowategemea na mahali alipofia.

Kutoka kiwandani

Livingstone alizaliwa Machi 19, 1813 katika mji wa Blantyre, Scotland, katika familia ya kimaskini. Akiwa na umri wa miaka 10 tayari alikuwa kibarua katika kiwanda cha pamba. Alisoma usiku baada ya kazi, akaendelea hadi akafuzu udaktari na kujiunga na shirika la wamishonari la London. Mwaka 1841 aliwasili Afrika Kusini, na mwaka 1845 akamwoa Mary, binti wa mmishonari mashuhuri Robert Moffat.

Kazi ya kanisa haikumtuliza mahali pamoja. Kati ya 1853 na 1856 alitembea kutoka katikati ya bara hadi Luanda, kwenye pwani ya Bahari ya Atlantiki, kisha akageuka na kuvuka bara hadi Quelimane, kwenye pwani ya Bahari ya Hindi. Ni katika safari hiyo, Novemba 1855, ambapo wenyeji walimfikisha Mosi-oa-Tunya, naye akayapa maporomoko hayo jina la Malkia Victoria. Aliporejea Uingereza alipokewa kama shujaa.

Funzo la Zambezi

Umaarufu huo ulibeba ndani yake kosa la kwanza. Livingstone aliwaaminisha Waingereza kwamba Zambezi ungekuwa njia kuu ya meli za biashara halali, nayo biashara hiyo ingeifukuza ile ya watumwa. Lakini alipokuwa akiteremka kuelekea pwani mwaka 1856, alikata njia ya mkato na kuliacha kando korongo la Cahora Bassa, katika Msumbiji ya leo. Hakuliona kwa macho yake, akadhani lina vikwazo vidogo tu.

Mwaka 1858 serikali ya Uingereza ilimtuma tena, safari hii akiwa na meli ndogo ya mvuke. Mwezi wa Novemba mwaka huo alifika Cahora Bassa na kukuta maji yanaporomoka kati ya kuta za mawe. Hapakuwa na chombo ambacho kingepita.

Gharama ya kosa hilo ilikuwa nzito. Wamishonari waliovutiwa na maelezo yake walikufa kwa homa, miongoni mwao Askofu Charles Mackenzie, aliyefariki mwaka 1862. Aprili mwaka huohuo, Mary Livingstone naye alifariki na kuzikwa Shupanga, kando ya mto huo. Mwaka 1863 serikali iliamuru msafara urudi.

Fumbo la Nile

Wakati huo wanajiografia wa Uingereza walikuwa wakizozana kuhusu Nile. John Hanning Speke alishikilia kuwa mto huo unatoka katika Ziwa Victoria, na mwaka 1862 alikuwa ameyaona maji yakitoka ziwani mahali palipo karibu na mji wa Jinja wa leo, nchini Uganda. Mwenzake wa zamani, Richard Burton, alimpinga na kulitetea Ziwa Tanganyika. Speke alifariki mwaka 1864 kabla ya ubishi huo kumalizika.

Chama cha Kifalme cha Jiografia kilimtaka Livingstone akate shauri. Yeye alikuwa na wazo la tatu: kwamba chanzo halisi kiko kusini zaidi ya maziwa yote mawili. Aliondoka Zanzibar Machi 1866, akatua karibu na mlango wa Mto Ruvuma na kuelekea bara.

Masaibu yalimwandama tangu mwanzo. Baadhi ya wafuasi wake walimtoroka, wakarudi pwani na kueneza uvumi kuwa ameuawa. Januari 1867 mpagazi mtoro aliondoka na kasha la dawa, ikiwemo kwinini. Siku chache baadaye, akiwa bila kinga dhidi ya homa, Livingstone aliuvuka Mto Chambeshi, ambao sasa uko Zambia.

Hakujua kwamba wanajiografia wa baadaye wangeuhesabu mto huo kuwa chimbuko la mbali zaidi la Mto Kongo.

Novemba 1867 alifika Ziwa Mweru, na Julai 1868 akaliona Ziwa Bangweulu. Kwa kuuliza wenyeji na wafanyabiashara wa Kiswahili, na kwa kutembea mwenyewe, aliunganisha picha kamili: Chambeshi huingia Bangweulu, maji hutoka humo kwa jina la Luapula, hupita Mweru na kuungana na mto mkubwa uitwao Lualaba. Mlolongo huo ulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa katika hatua ya mwisho. Kwa kuwa Lualaba unaelekea kaskazini, aliamini kwamba hauna pengine pa kwenda isipokuwa Misri.

Imani hiyo iliimarishwa na maandishi ya kale. Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki, aliandika habari alizosimuliwa Misri kuhusu chemchemi za Nile zilizo kati ya vilima viwili, nusu ya maji yake yakienda kaskazini na nusu kusini. Livingstone alipowasikia watu wa bara wakieleza juu ya chemchemi nne zilizokaribiana, mbili zikimwaga kaskazini na mbili kusini, alidhani amekipata kitendawili na jibu lake.

Ajabu ni kwamba habari za wenyeji zilikuwa na ukweli. Mgongo wa ardhi ulio kati ya Zambia na Katanga hugawa maji: Lualaba na Lufira huelekea kaskazini, ilhali Kafue na Zambezi huelekea kusini. Wenyeji hawakuwa wamesema kuwa maji hayo ya kaskazini ni Nile. Hayo aliyaongeza msafiri mwenyewe.

Soko la Nyangwe

Machi 1871 Livingstone alifika Nyangwe, mji wa soko ulio kwenye ukingo wa Lualaba katika eneo la Maniema, ambalo sasa ni sehemu ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mbele yake palikuwa na mto mpana wenye maji mengi kupita kiasi. Alihitaji mitumbwi tu ili ateremke na kuujua mwisho wake.

Hakuipata. Wenyeji walimdhania kuwa ni mmoja wa wafanyabiashara wa watumwa na pembe za ndovu waliokuwa wakiwashambulia, nao walikuwa na kila sababu ya kuhofu. Kwa miezi kadhaa alikaa hapo, akila na kulala kwa hisani ya watu ambao biashara yao aliichukia. Bila wao hangepata chakula, shanga wala njia ya kupeleka barua. Kiu ya Nile ilikuwa imemfanya mgeni wa wale aliokuja kuwapinga.

Julai 15, 1871, watu wa mfanyabiashara Dugumbe walifyatua bunduki katikati ya soko lililojaa, wengi wakiwa wanawake. Waliokimbilia mtoni walipigwa risasi majini au wakazama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria kuwa waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400.

Livingstone alikuwa ameishiwa na karatasi. Aliyaandika aliyoyaona juu ya kurasa za gazeti kuukuu, kwa wino uliotengenezwa kutokana na mmea. Maandishi hayo yalififia kiasi cha kutosomeka, hadi mwaka 2011 wataalamu walipoyafufua kwa kuyapiga picha chini ya miale mbalimbali ya mwanga.

Baada ya mauaji hayo hakuweza kubaki. Alirudi Ujiji akiwa mgonjwa na fukara, bila kuujua mwisho wa Lualaba. Shajara zake zaonyesha kwamba tayari shaka ilikuwa ikimtafuna: huenda muda wote huo alikuwa akiufuata Mto Kongo. Laiti angesonga takriban kilomita 500 zaidi kaskazini, angeuona mto ukianza kupinda kuelekea magharibi.

Moyo chini ya mti

Stanley alimkuta Ujiji mwishoni mwa 1871, akiwa na chakula, dawa na barua. Kwa pamoja walikwenda ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika na kuthibitisha kuwa Mto Ruzizi unaingia ziwani, hautoki. Hivyo nadharia ya Burton ikaanguka. Ile ya Livingstone ikabaki, naye akakataa kurudi nyumbani kabla ya kuikamilisha.

Stanley aliondoka Machi 1872 akiwa amebeba habari za Nyangwe, ambazo ziliwashtua Waingereza na kuzidisha shinikizo dhidi ya utumwa. Juni 5, 1873, Sultan Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa. Livingstone hakuishi kuisikia habari hiyo.

Alikuwa ameondoka Unyanyembe Agosti 1872, akanuia kulizunguka Bangweulu kwa upande wa kusini na kwenda kuziona zile chemchemi nne. Alinaswa na mvua na vinamasi, akitokwa na damu tumboni. Wafuasi wake walimbeba kwa machela hadi kijiji cha Chifu Chitambo. Alfajiri ya Mei 1, 1873, walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa.

Wafuasi hao, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti wa mvula. Jacob Wainwright alisoma sala ya maziko. Kisha waliukausha mwili juani na kuubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Shajara na ramani walizihifadhi vilevile. Mmoja wa kundi hilo, Matthew Wellington, aliishi baadaye Mombasa hadi alipofariki mwaka 1935. Mwili ulizikwa Westminster Abbey, London, Aprili 18, 1874.

Mto wajieleza

Miezi michache baada ya maziko, Verney Lovett Cameron alifika Nyangwe na kupima mwinuko wa mahali hapo. Alibaini kuwa Lualaba uko chini kuliko Nile ulivyo kule Gondokoro, katika Sudan Kusini ya leo. Maji hufuata mkondo, wala hayapandi mlima. Isitoshe, Lualaba ulikuwa na maji mengi mno kuweza kuwa tawi la Nile.

Ushahidi wa mwisho uliletwa na Stanley. Alisindikizwa mwanzoni na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, akaondoka Nyangwe Novemba 1876 na kuufuata mto hadi Boma, karibu na Atlantiki, alikofika Agosti 9, 1877. Wazungu watatu aliotoka nao pwani ya mashariki walikuwa wamekufa wote, pamoja na Waafrika wengi. Kabla ya hapo, mwaka 1875, alikuwa amelizunguka Ziwa Victoria na kuonyesha kwamba Speke alikuwa na haki.

Kufumbuliwa kwa fumbo hilo hakukuwaletea wakazi wa bonde la Kongo heri. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alimwajiri Stanley, na mwaka 1885 akajitwalia nchi nzima kuwa mali yake. Watu waliteswa na kuuawa kwa ajili ya mpira na pembe hadi Ubelgiji ilipoichukua nchi hiyo mwaka 1908.

Ukubwa wa mto huo sasa unajulikana. Una urefu wa takriban kilomita 4,700, hivyo Nile unaushinda kwa urefu. Kwa wingi wa maji, hata hivyo, Kongo unashindwa na Amazon pekee duniani: humwaga baharini wastani wa mita za ujazo 41,000 hivi kila sekunde. Huvuka ikweta mara mbili, na kwa kuwa matawi yake hupata mvua kwa zamu kaskazini na kusini, haupungui sana katika msimu wowote. Mahali pengine kina chake hupita mita 220.

Wala si njia iliyo wazi kutoka baharini, kama wageni wengi walivyotumaini. Kati ya Kinshasa na Matadi mto hushuka kwa mfululizo wa maporomoko ambayo meli haziwezi kuyapita, na ndiyo sababu reli ilijengwa hapo na kukamilika mwaka 1898. Stanley aliyapa maporomoko hayo jina la Livingstone, mtu ambaye hakuwahi kuyaona.

Kule Chitambo, nchini Zambia, mnara unaonyesha mahali moyo wake ulipozikwa. Mvua inyeshayo hapo huteremka hadi vinamasi vya Bangweulu, huingia Luapula, hupita Mweru na kufika Lualaba. Kutoka hapo huipita Nyangwe, huvuka ikweta na kugeuka magharibi kuelekea Atlantiki.