Hudhayfa bin al-Yaman: Mtunza Siri wa Mtume



Tunapotaja mashujaa wa Uislamu, ndimi zetu hukimbilia wapiga upanga. Mimi leo namleta sahaba aliyeilinda Madina kwa masikio na kwa kunyamaza.

Hudhayfa bin al-Yaman (r.a.) alitoka ukoo wa Abs. Katika vita vya Uhud baba yake aliuawa na Waislamu kwa kutomtambua. Hudhayfa aliwasamehe, na diya akaitoa sadaka. Aliyeweza kuimeza hasira kiasi hicho ndiye aliyekuja kuaminiwa.

Mwaka wa 5 Hijria, Makuraishi na washirika wao, wapatao 10,000, waliuzingira mji wa Madina. Usiku mmoja wa baridi na upepo mkali, Mtume (s.a.w.) alitaka mtu wa kumletea habari za adui. Kwa njaa na hofu, hakuna aliyesimama. Ndipo alipomwita Hudhayfa kwa jina, akamwagiza asifanye lolote la kuwachokoza.

Hudhayfa akapenya kambini, akaketi gizani kati yao. Abu Sufyan, kiongozi wa Makuraishi, akahofia wapelelezi, akaamuru kila mtu amtambue aliye ubavuni mwake. Hudhayfa akawahi kumshika jirani yake na kumuuliza yeye ni nani, kabla hajaulizwa. Kisha akasikia amri ya kuondoka. Abu Sufyan alikuwa karibu, na mshale ulishawekwa kwenye upinde. Akakumbuka agizo, akauzuia mkono wake. Alirudi na habari kamili, na Mtume akamfunika kwa nguo yake kwa ajili ya ile baridi.

Baadaye Mtume alimpa siri nzito zaidi: majina ya wanafiki waliojificha ndani ya Madina. Umar (r.a.), akiwa khalifa, alimuuliza kama na yeye yumo. Hudhayfa akamtoa wasiwasi, lakini hakuwa tayari kumwambia mwingine yeyote. Watu walibaki kutazama tu ni jeneza gani Hudhayfa halisalii. Alifariki Madain, Iraq, mwaka wa 36 Hijria.

Nikisoma maisha haya, naona upelelezi wa dola una mipaka yake: hutumwa na kiongozi, dhidi ya adui, kwa lengo la kulinda watu. Kuchunguzana aibu sisi kwa sisi ni jambo jingine, nalo limekatazwa katika Suratul Hujurat.

Nami nakiri kosa langu. Niliwahi kuambiwa siri na mwenzangu wa hosteli, nikaipeleka kwenye kundi la simu kabla ya Isha. Mpaka leo ananisalimia, lakini haniambii tena neno lake. Hudhayfa alikufa na majina yale kifuani. Mimi sikuweza kukaa na siri moja hata usiku mmoja.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa watu wa amana. Amin.