Dokta Robert Koch: Mtoto wa Machimbo Aliyefika Ziwani Kwetu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Wengi wetu tumewahi kusikia habari za matabibu wa Kiislamu kama Ar-Razi na Ibn Sina. Safari hii tunamsoma mtu ambaye hakuwa Muislamu wala mtu wa kwetu, lakini kazi yake ilimleta mpaka Mwanza, na dawa aliyoijaribu katika visiwa vya ziwa letu iliwaacha watu vipofu.

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani. Ulikuwa mji wa machimbo, na baba yake alifanya kazi ya usimamizi wa migodi. Mtoto wa Geita angejiona yuko nyumbani, ila wale walichimba fedha na risasi, si dhahabu. Alisomea udaktari Chuo Kikuu cha Göttingen, akahitimu mwaka 1866.

Mwaka 1872 alipata kazi ya daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo ambao leo uko Poland. Daktari wa wilaya wa siku zile alichanja watoto, akapambana na magonjwa ya mlipuko, na pia alikuwa daktari wa mahakama. Mtu akifa kifo cha mashaka, yeye ndiye aliyeitwa kuchunguza maiti na kumwandikia hakimu taarifa. Kazi hiyo ina adabu yake. Daktari haandiki anachodhani, huandika alichokiona, kwa kuwa kwa neno lake mtu anaweza kufungwa au kuachiwa huru.

Adabu hiyo ndiyo aliyoingia nayo katika utafiti. Wilaya yake ilisumbuliwa na kimeta, ugonjwa ambao wafugaji wa Usukuma wanaujua vizuri. Koch hakuwa na maabara, alitumia nyumba yake mwenyewe na hadubini moja. Alichukua damu ya mnyama aliyekufa akamdunga panya. Panya akafa. Akachukua kutoka kwa huyo akamdunga mwingine, na kila mara akaviona vijidudu vilevile. Kisha akavikuza nje ya mwili, katika majimaji ya jicho la ng'ombe, akaona vinavyojigeuza kuwa mbegu ngumu. Mbegu hizo hukaa ardhini miaka mingi, na ndiyo maana malisho yaliyozikwa mzoga yanaweza kuua ng'ombe baadaye. Alitangaza matokeo hayo mwaka 1876.

Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, alitangaza kuwa amekipata kijidudu cha kifua kikuu. Hadi leo tarehe hiyo ni siku ya kifua kikuu duniani. Wazazi wetu walioko migodini wanajua uzito wa habari hii, maana vumbi la mawe huyadhoofisha mapafu na kuufungulia ugonjwa huo mlango.

Hapo alikuwa shahidi asiyepingika. Lakini kujua chanzo cha ugonjwa ni jambo moja, na kupata dawa ni jambo jingine. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu, akaficha imetengenezwa na nini. Wagonjwa walimiminika Berlin. Baadhi walipokufa, Profesa Rudolf Virchow aliwapasua, akaonyesha kuwa ugonjwa ulikuwa umeenea zaidi mwilini. Yule aliyezoea kutoa ushahidi wa maiti, safari hii maiti zilishuhudia dhidi yake. Dawa ile, tuberkulini, haikuponya kifua kikuu. Ilibaki kuwa kipimo cha kuchomwa kwenye ngozi.

Alisafiri sana: Misri na India kwa ajili ya kipindupindu, Afrika Kusini kwa ajili ya sotoka, na Dar es Salaam mwaka 1897. Mwaka 1905 alirudi huku, akachunguza homa ya papasi, na mwaka huohuo akapewa Tuzo ya Nobel.

Wakati huo malale ilikuwa inawamaliza watu wa kaskazini mwa Ziwa Victoria. Zaidi ya watu 200,000 walikwisha kufa Uganda. Mwaka 1906 Koch alipitia Amani, akafika Mwanza. Upande wa Wajerumani wagonjwa walikuwa wachache, hivyo akapata ruhusa ya Waingereza na kwenda visiwa vya Sese. Huko walitibiwa watu zaidi ya 1,000 kwa sindano za Atoxyl, dawa yenye aseniki ndani yake, ingawa jina lake lilitungwa kumaanisha kwamba haina sumu.

Mwanzoni wagonjwa walipata nafuu. Wadudu walitoweka katika damu, na waliokuwa wamelala wakaamka. Kisha ugonjwa ukarudi. Koch akaongeza kipimo mara mbili. Sindano zilikuwa na maumivu makali, na baadhi ya wagonjwa walitoroka. Zaidi ya 20 wakapofuka, wasione tena maisha yao yote. Koch akakirudisha kipimo chini, lakini aliporudi Ujerumani mwaka 1907 bado aliisifu Atoxyl, akashauri wagonjwa watengwe katika kambi.

Ni haki kusema kuwa malale bila dawa ni kifo, na kwamba hakuwa na dawa nyingine mkononi. Pia ni haki kuuliza kama angeongeza kipimo kile kwa wagonjwa wa Berlin. Huko kulikuwa na Virchow na magazeti, na Sese hapakuwa na hakimu wa kuletewa taarifa. Jina la Koch liko katika kila kitabu cha udaktari, na majina ya wale waliopofuka hayamo.

Alifariki tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden.

Malale ilifika na kwetu: mwaka 1922 ilizuka Maswa, na baadaye kituo cha utafiti wa mbung'o kikawekwa Shinyanga. Dawa za aseniki ziliendelea. Ile ya mwaka 1949, melasoproli, iliua karibu wagonjwa 5 kati ya kila 100 waliochomwa. Ni mwezi wa Desemba 2023 tu ambapo vidonge vya kumeza, feksinidazoli, vilipata kibali cha wataalamu wa dawa wa Ulaya kwa malale ya aina inayopatikana huku kwetu, na ndani yake hamna aseniki.

Wabillahi tawfiq.